Nyumba Tatu za Kagerankanda

Maximilla Ndayikeza hasaini ripoti ya utafiti ya mwanafunzi yeyote kabla ya kufika yeye mwenyewe kwenye nyumba tatu kati ya zilizotajwa ndani yake. Kanuni hiyo hakupewa na chuo. Aliiweka mwaka wake wa pili wa kazi, baada ya kijana mmoja kumletea mahojiano marefu na mzee ambaye, siku iliyoandikwa juu ya dodoso, alikuwa amelazwa hospitali hajitambui. Miaka kumi imepita. Anachagua nyumba hizo tatu mwenyewe, hamwambii mwanafunzi ni zipi mpaka asubuhi ya safari, na mwanafunzi lazima aende naye.

Anafundisha Maendeleo ya Jamii katika tawi dogo la chuo kikuu mjini Kasulu, vyumba vinne vya kupanga nyuma ya ghala la mbegu. Ni mwanamke mfupi, wa miaka thelathini na saba, hana mume wala mtoto, na hakuna kitu anachokiamini kwa kuambiwa. Maharage anayonunua sokoni anayapima tena nyumbani kwa mizani yake. Dawa anaisoma tarehe hata kama ameletewa na daktari mwenyewe. Wanafunzi wake walimpa jina la Polisi wa Sura ya Nne, kwa kuwa sura ya nne ya ripoti ndiyo ya matokeo ya utafiti, na ndipo anapowakamatia watu. Jina hilo analijua na halimuudhi. Mimi pia sioni kasoro ndani yake. Tumekuwa na walimu wengi wa kuamini kila wanacholetewa, na tunaona wahitimu wanaotokana nao.

Akili mnemba ilipoingia kwenye simu za wanafunzi, walimu wenzake waligawanyika. Wengine waliipiga marufuku, na wanafunzi wao wakaendelea kuitumia chini ya dawati. Wengine waliiruhusu bila masharti, wakaanza kupokea insha thelathini zinazofanana kama matofali. Maximilla alikaa nayo kwanza mwezi mzima. Aliiuliza mambo anayoyajua, ili aone inasema uongo kwa sura gani. Ilimtajia kitabu kuhusu kilimo cha Waha, mwandishi na mwaka. Alikitafuta kwa siku mbili, akaandikia maktaba ya makao makuu, mpaka akajibiwa kwamba kitabu hicho hakijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Alikwenda darasani akawasimulia aibu hiyo bila kuficha. Kisha akatoa utaratibu wake: itumieni kunyoosha Kiingereza chenu, itumieni iwaulize maswali, lakini kila mmoja awe na daftari la mkono linaloonyesha alichoiuliza, ilichomjibu, na alichokitupa. Asiye na cha kutupa, Maximilla alimtilia shaka kuliko wote.

Winnie alikuwa mwanafunzi wa aina ambayo mwalimu huitaja kwa wageni. Alitoka Kibondo, alikuwa na miaka ishirini na nne, mchangamfu, na daftari lake lilikuwa safi. Pia alikuwa mtoto wa Vestina, na hapa ndipo jambo hili linapokuwa gumu, maana Vestina na Maximilla wamekua nyumba moja.

Wazazi wa Maximilla walikuwa watu wa Burundi waliovuka mwaka sabini na mbili wakiwa watoto, wakaishi kijijini Kasulu kama Waha wengine. Mwaka tisini na saba watu wa asili hiyo waliondolewa vijijini wakapelekwa kambini Nduta, kambi ya kwanza, si hii ya sasa. Maximilla alikuwa na miaka tisa. Mama yake alikufa kwa malaria kabla mwaka haujaisha. Baba yake alirudi Burundi kuangalia shamba na hakuonekana tena. Siku ya uhakiki, kadi yao ya posho ilichukuliwa, kwa kuwa mtoto peke yake si kaya. Mwanamke wa hema la jirani, Esperance, alisimama mbele ya meza ya waandikishaji akasema huyu ni wangu, mlimsahau. Wakamwandika. Kadi ya Esperance ikasoma watu wanane: yeye, mumewe, watoto wao watano ambao Vestina ndiye wa kwanza, na Maximilla.

Yafaa msomaji aelewe maana ya namba hiyo. Kambini, idadi ya watu wa nyumba ilikuwa ndiyo unga, maharage, mafuta na chumvi. Mtoto alifundishwa kuitaja kabla ya kujua kuhesabu. Mgeni yeyote mwenye karatasi akiuliza mko wangapi, jibu lilikuwa ni la kwenye kadi, bila kufikiri, hata kama kaka alikwishakimbilia Tabora na bibi alikwishazikwa. Baadaye kambi zilifungwa, watu wakarudi vijijini, wengi wakapata uraia, wakaoa na kuolewa. Namba zilibaki midomoni. Mwaka wa sensa, karani alipofika kwa Maximilla na kishikwambi chake na kuuliza watu wangapi wamelala hapa, msomi huyu wa shahada ya uzamili alijibu wanane. Karani alitazama chumba na sebule, akatazama kitanda kimoja kinachoonekana mlangoni, akauliza wengine saba wako wapi. Maximilla aliomba radhi akasema yuko peke yake. Jioni alimpigia Vestina simu Kibondo kumweleza, wakacheka mpaka salio likaisha.

Winnie alipopangiwa msimamizi wa utafiti, akapangiwa mama yake mdogo, Maximilla alikwenda kwa mratibu wa tawi kuomba abadilishiwe. Mratibu, Bwana Pasikali Nkunzimana, alimwambia wasimamizi wako wawili tu na mwingine ana wanafunzi kumi na tisa. Alimwambia pia, kwa utani, kwamba yeye ndiye mtu pekee Kasulu ambaye hawezi kumpendelea hata mama yake mzazi. Maximilla aliandika barua ya kueleza undugu huo, ikawekwa kwenye faili.

Utafiti wa Winnie ulihusu watoto kukosa shule msimu wa kupanda, katika familia zilizopita kambini ambazo sasa zinalima Kagerankanda. Alitakiwa kuhoji kaya arobaini mwezi wa kumi na moja. Aprili alileta ripoti iliyochapwa na kufungwa vizuri, kurasa sabini na mbili. Mezani kulikuwa na haraka, na haraka hiyo ilijulikana kwa wote: shirika moja linalofanya kazi Nduta lilikuwa limemwahidi Winnie nafasi ya afisa wa jamii, kwa sharti kwamba awe na barua ya kuhitimu kufikia mwisho wa Mei. Nyumbani kwao Kibondo hakuna mwingine mwenye mshahara. Baba alifariki, Vestina anauza vitenge na mawese, na wadogo watatu wanasoma.

Chuo kina programu ya kukagua kazi iliyoandikwa na mashine. Ripoti ya Winnie ilipitishwa humo ikatoka na asilimia tatu. Bwana Pasikali aliandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada, safi, kisha akampa Maximilla asaini.

Maximilla aliisoma siku mbili. Alikuja kukwama kwenye jedwali la kwanza, lile ambalo wasimamizi wengi hulipita bila kulisoma, la idadi ya watu katika kila kaya. Nyumba ya kwanza watu kumi na mmoja. Ya pili tisa. Kisha saba, kumi na wawili, tisa, wanane, kumi, saba, kumi na mmoja. Hapo alikuwa akiwasikia kabisa, kila mtu na kadi yake. Kuanzia nyumba ya kumi namba zilitulia: watano, sita, wanne, watano, sita, watano, na kuendelea hivyo mpaka ya arobaini. Kwa mtu wa takwimu namba hizo zilikuwa nzuri, na kwa wastani wa wilaya zilikuwa sahihi. Kwa Maximilla zilikuwa na maana moja tu, kwamba kuanzia nyumba ya kumi watu wa kambini walianza ghafla kumwambia mgeni idadi yao ya kweli.

Akageuza kurasa hadi sehemu ya mjadala. Huko ripoti ilieleza, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba kaya tisa za mwanzo zilitoa idadi isiyo ya kawaida, huenda kwa sababu ya makosa ya ujazaji, na kwamba mtafiti alizitenga. Wale tisa ambao Maximilla aliamini walizungumza na mtu mwenye pumzi ndio walioitwa makosa.

Hakumwambia mtu. Alimpigia Winnie simu, akamwambia Jumamosi wanakwenda Kagerankanda, avae viatu vya tope.

Walipanda pikipiki mbili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na barabara ilikuwa nyekundu, laini. Wakiwa kwenye kona ya mwisho kabla ya kijiji, Maximilla alisimamisha pikipiki akataja nyumba alizochagua: ya nne, ya kumi na saba na ya thelathini na moja. Winnie alitikisa kichwa kukubali. Waliacha pikipiki hapo, na baada ya hatua chache alisema ya kumi na saba ni mbali, kwamba kuna mto. Maximilla akasema mto si kitu.

Nyumba ya nne ilikuwa ya mzee Kipriani Ndihokubwayo. Alimtambua Winnie kabla hawajafika uani, akamwita binti wa maswali, akamuuliza kwa Kiha kama ile karatasi yake ilikwishajaa. Akawatolea viti viwili, yeye akakaa kwenye kinu kilicholazwa, kwa sababu viti vilikuwa viwili tu. Maximilla alizungumza naye kuhusu mihogo, kisha akamuuliza, kama kwa kupitia tu, wako wangapi nyumbani.

"Tuko kumi na wawili," alisema Kipriani.

Mkewe, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, hakuinua macho. "Kumi na wawili wako wapi, wewe mzee? Juzi ulilalamika nimepika ugali mwingi."

"Nimeulizwa mimi, sikuulizwa ugali," alisema Kipriani, na wote wanne wakacheka, Winnie pia, na kwa muda ule mfupi Maximilla aliomba moyoni awe amekosea.

Mto wa kuelekea nyumba ya kumi na saba ulikuwa mfereji wa kuruka kwa hatua moja. Walipokaribia, Winnie alianza kueleza kwamba huenda mwenye nyumba hayupo, kwamba siku za Jumamosi watu huwa mashambani, na kwamba yeye alimkuta jioni. Maximilla aliendelea kutembea. Mwenyekiti wa kitongoji aliwaelekeza kwa mkono kwenye nyumba ya bati yenye ua wa mabingobingo, akasema Zaitun yupo, Zaitun yupo siku zote.

Zaitun alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, anayesuka mikeka. Aliwakaribisha vizuri. Maximilla alijitambulisha, akasema wametoka chuo Kasulu, wanafuatilia mazungumzo aliyoyafanya na binti huyu mwezi wa kumi na moja. Zaitun alimtazama Winnie kwa makini, kama mtu anayetaka kumsaidia, akasema samahani, huyu simkumbuki. Labda alikuja nikiwa naumwa. Winnie alikuwa akitazama mkeka.

Basi Maximilla akatoa ripoti mkobani, akatafuta ukurasa, akamsomea kwa Kiswahili maneno yaliyoandikwa kuwa ni yake. Kwamba watoto wake hukosa shule msimu wa kupanda kwa sababu ya changamoto za kiuchumi. Kwamba katika watoto wake watano, wawili wa kike ndio huathirika zaidi. Kwamba kama mzazi anaiomba serikali iongeze uelewa.

Zaitun aliacha kusuka. Hakukasirika mara moja. Alikuwa kama anayesikiliza kama kuna zaidi.

"Nani kasema nina watoto watano?"

"Imeandikwa hapa," alisema Maximilla.

"Na hao wa kike wawili." Aligeuka akamtazama Winnie. "Wanaitwa nani?"

Winnie alirudisha macho kwenye mkeka.

"Mimi sikuzaa, mama," alisema Zaitun, akimwambia Maximilla sasa. "Hapa kila mtu anajua. Mume wangu ndugu zake walimshauri aniache, akakataa, akafa akiwa amekataa. Sasa nyinyi mmekaa huko Kasulu mkanipa watano. Mngeniuliza hata majina ningewapa, maana majina niliyaweka tangu zamani."

Maximilla aliomba radhi. Aliomba kwa Kiha, kwa maneno ambayo mtu humwambia aliyefiwa. Zaitun alipokea, lakini hakuwasindikiza hadi njiani kama ilivyo desturi, na mwanamke wa huku asipokusindikiza amekwambia la kukwambia.

Nyumba ya thelathini na moja hawakwenda. Kanuni ilidai nyumba tatu, lakini Maximilla alijua ya tatu haitabadilisha kitu. Walisimama pembeni ya mfereji ule na Winnie akaeleza yote bila kuulizwa. Nyumba tisa alizifika kwa miguu, siku mbili. Siku ya tatu alipofika ya kumi, wanaume watatu walimzuia uani. Walimuuliza nani kamtuma. Walisema watu wa kuhesabu wakija, nyuma yao huja magari ya kuwahamisha watu, na kwamba wao wana vitambulisho vya uraia na hawahesabiwi tena na mtu. Mmoja alichukua karatasi zake akazitazama moja moja akamrudishia. Hawakumgusa. Aliondoka, akarudi Kasulu, na hakupata ujasiri wa kurudi. Majina ya kaya zilizobaki aliyapiga picha kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku iliyobandikwa ukuta wa ofisi ya kijiji. Majibu aliyaomba kwenye simu. Mashine ilimpa kaya thelathini na moja haraka kuliko alivyoweza kuzinakili, na ikamshauri kwamba tisa za mwanzo hazilingani na wastani. Kwenye daftari hakuandika hata neno. Ili programu ya chuo isiishike, aliandika upya kila sentensi kwa mkono, wiki mbili. Wiki mbili hizo zingemtosha kuhoji kaya sitini.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu wale wanaume?" aliuliza Maximilla.

"Ningeambiwa nimeshindwa utafiti, mama mdogo."

"Hao wanaume ndio walikuwa sura yako ya nne," alisema Maximilla. "Watu wanaogopa kuhesabiwa mpaka leo, na watoto hawaendi mahali wanapoandikwa majina. Hilo hakuna mashine inayolijua. Ulilipata mwenyewe, ukalitupa."

Jumatatu aliweka ripoti mezani kwa Bwana Pasikali bila saini, na barua ya kurasa mbili. Mratibu hakuwa mtu mbaya, na naomba asomwe hivyo. Alikuwa na tawi linalodaiwa wahitimu na makao makuu, na alikuwa na karatasi ya programu inayosema asilimia tatu. Alimuuliza Maximilla kama anataka kuiambia bodi kwamba macho yake yanaona kuliko chombo ambacho chuo kilikinunua. Maximilla alijibu kwamba chombo kile kinaangalia maneno, na maneno ni ya Winnie, aliyaandika kwa mkono wake; watu ndio si wake. Pasikali akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kaya tisa ni za kweli, kwamba binti ni mwerevu, kwamba vyuo vingine vinapitisha mabaya zaidi ya haya. Kila alichosema kilikuwa kweli. Mtu akitaka kufanya kosa huanza kwa kukusanya kweli ndogondogo za namna hiyo.

Maximilla alipendekeza njia. Winnie arudi, aandike juu ya nyumba tisa na ua wa ile ya kumi, aeleze alivyozuiwa, aeleze na alichokifanya na mashine. Atachelewa mwaka mmoja, lakini atakuwa na kazi ya kweli mkononi. Pasikali akasema anajua, lakini Mei haingoji.

Vestina alifika Kasulu Alhamisi. Alikuja na debe la maharage na chupa mbili za mawese, akavipanga jikoni kwa Maximilla kama anavyofanya siku zote, akafagia hata ua. Hakutaja jambo lililomleta mpaka walipomaliza kula. Alianza kwa upole. Alisema mtoto amekosa, na amempiga kwa maneno mpaka amelia. Aliuliza kama hakuna adhabu ndogo. Maximilla alimweleza ile njia. Vestina akauliza kama kazi ya Nduta itangoja mwaka. Maximilla akasema haitangoja.

Ndipo Vestina alipotoa kile alichokuja nacho.

"Maxi, mama alisimama mezani akawaambia wazungu na maafisa kwamba alikuzaa. Hakukuzaa. Aliandika namba ya uongo ili ule. Sisi watoto tulisikia, tukanyamaza, na tuligawana. Hakuna aliyekuuliza kanuni. Leo mjukuu wake ameandika namba ya uongo, wewe unaandika barua."

Nimeambiwa Maximilla alikuwa akikunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena.

"Mama aliwaambia nipo," alisema, "na nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Winnie amesema wapo watu ambao hawapo. Yule mama wa Kagerankanda hakuzaa, na mashine imemhesabia watoto watano, Vestina. Nilikuwa pale."

"Yule humjui."

"Simjui."

"Mimi unanijua."

"Nakujua."

Vestina alinyanyuka, akachukua kanga yake. Mlangoni alisema maharage yale ni ya dada, si ya mwalimu, ayale. Alipanda gari la mchana kurudi Kibondo.

Wapo watakaosema, na wamekwisha kusema, kwamba Maximilla angeweza kujiondoa kwenye usimamizi akamwachia mwingine asaini. Nimelifikiria hilo. Angekuwa amefanya jambo lile lile kwa kalamu ya mtu mwingine, na angejua. Wengine husema kosa ni la simu, kwamba vijana wasingekuwa nazo yasingetokea. Hao siwakubali pia. Simu haikumpeleka Winnie kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji kupiga picha majina ya watu. Ilimpa alichokiomba, nayo ingempa mwingine njia ya kuuliza maswali bora zaidi, kama ilivyompa Maximilla mwenyewe anapoandaa masomo yake na kuyahakiki moja moja. Kosa lilianza pale mtu alipoona kwamba jibu la haraka kuhusu jirani yake linatosha, na jirani hana haja ya kuulizwa. Kama shahada zetu zitajengwa hivyo, basi siku moja maofisa watakuja vijijini wakiwa na majibu yote, na hakuna atakayekuwa ameulizwa.

Bodi ya tawi ilikaa. Barua ya Maximilla ilisomwa, pamoja na ile ya zamani ya kueleza undugu. Ripoti ilirudishwa. Winnie aliamriwa kurudia utafiti, na hakufukuzwa, kwa sababu msimamizi wake aliandika kwamba alikiri mwenyewe kando ya mfereji bila kubanwa. Nafasi ya Nduta ilichukuliwa na mtu kutoka Mwanza. Winnie sasa anauza vitenge pamoja na mama yake Kibondo. Anasema atarudi Kagerankanda msimu wa kupanda. Mimi sina hakika, na Maximilla naye hana.

Mwezi wa saba Maximilla alisikia kutoka kwa abiria mmoja kwamba bibi Esperance anaumwa miguu, hatoki ndani. Alikwenda Kibondo na sukari na sabuni. Vestina alimpokea getini. Alimwambia mama amelala. Maximilla akasema atangoja. Vestina akasema analala sana siku hizi, akapokea mfuko, akashukuru kwa adabu kama mtu anavyomshukuru mgeni wa kanisani, akafunga. Maximilla alisimama barabarani kwa muda, kisha akaenda kituoni.

Mwaka huu wa masomo, tawi halikumpa mwanafunzi yeyote wa utafiti kumsimamia. Orodha ilibandikwa bila jina lake na hakuna aliyeeleza. Saini moja aliyoikataa ilimgharimu kazi aliyoipenda kuliko zote, na ilimgharimu nyumba ya Kibondo, ambayo ndiyo pekee aliyowahi kuiita kwao.